Bonde Nililokuonyesha Wewe Tu

Launceston, Aprili 27

Mpwa wangu Heath,

Mimi mzima, gari zima, goti ndilo linalonung'unika. Mwaka huu nimezunguka kisiwa chetu peke yangu siku sita, mimi na hema na kamera. Baridi ilikuwa kali hata chai ikaganda nikiimimina, nikaivunja kwa shoka nikainywa vipande. Gari liliponasa matopeni, wombati mmoja, mnyama mnene mchimba mashimo, mkubwa kama friji, alilisukuma bila hata kuombwa.

Siku ya nne nikapanda kwenye lile bonde, kupiga picha za fagasi, ile miti mifupi ya mlimani, majani yake yakiwa yamegeuka dhahabu. Miaka thelathini sijamtajia mtu mahali pale, hata marehemu mke wangu. Sisi wapiga picha wa huku hatutajiani mahali, unajua. Nilikuonyesha wewe tu, nawe ukaniapia.

Nimekuta mahema arobaini, na fagasi zimekatwa matawi ya kuwashia moto. Mama mmoja akanifokea, "Mzee, hebu sogea, umeniingilia kwenye picha!"

"Nani kakuonyesha huku, mama?"

"Si huyu kijana Heath! Kaweka ramani mtandaoni. Kapagundua mwenyewe, anasema. Kwani wewe unamjua?"

Nikamwambia simjui.

Heath, nimesema uongo mwingi maishani na wote nimeufurahia. Huo ndio wa kwanza ambao sikuufurahia.

Mjomba wako, utake usitake,
Clarrie