Ndege wa Malagarasi na Namba ya Kadi

Nyumbani kwa Mzee Telesphory,
Simbo, Kigoma.
14 Septemba 1998

Mpendwa Dada Révérienne,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Norwei haijakumaliza, wala ule unene wa kwenye picha haujapungua. Shemeji Gervasi hajambo? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo imechacha.

Siku hizi mimi ni bingwa wa ndege, usicheke. Mwezi uliopita alikuja Bwana Hamdani, mtumishi wa serikali kutoka Tanga, darubini shingoni, anatafuta wa kumpeleka bonde la Malagarasi. Nikamwambia kote huko ni uani kwangu. Uongo mtupu, nilishafika mara mbili tu kutafuta kuni.

Tulitembea asubuhi nzima kwenye nchi iliyokauka ikapasukapasuka, vumbi tu, hata jani bichi hakuna. Mara dimbwi hilo, ndege wamejaa: mwari, furukombe, na korongo mmoja mdomo kama kiatu cha askari. Aliyemwona kwanza ni mimi. Bwana Hamdani machozi yakamlengalenga, akawaandika wote kwenye kitabu chake.

Wakati wa kurudi, walinzi wa hifadhi wakatuletea daftari la wageni tujiandike. Dada, mimi kuitwa mgeni! Nikaandika jina lote kwa mbwembwe, na mkono wenyewe ukaongeza namba ya kadi ya posho ya wakimbizi, kama tulivyozoea kwenye foleni ya mahindi. Kibali cha kutoka kambini sina, na nimejitangaza kwa wino wangu.

Mlinzi akamuuliza Bwana Hamdani, "Huyu kijana ni wako?"

Akafuta kioo cha darubini. "Nimemkuta njiani."

Nikakaa mahabusu siku tatu. Siku ya pili kambini wakahesabu watu. Mama alisema nipo, nakuja. Akajibiwa kwamba asiyeonekana hayupo. Jina langu likakatwa kwenye kadi, na faili lako la kutuita huko linafuata majina ya kwenye kadi. Mama na mdogo wetu Gloriose watakuja. Mimi usinitandikie kitanda.

Ofisi ya kambi nimekwenda mara nne, wanasema nirudi. Sasa nalima mihogo hapa Simbo. Wakiniuliza kwetu wapi, nasema Mwamgongo, kama mzaliwa wa hapahapa Kigoma.

Lile sweta uliloniahidi mvike Mama akishuka kwenye ndege. Ataona baridi, na atakataa kusema.

Msalimie Shemeji, na Dainess mdogo mpe busu. Mungu awafunike huko mliko.

Mdogo wako anayekupenda hata ukinenepa,
Ildephonse Niyokwizera.
Namba sina.