Usingizi wa Mabalako

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Nimekusanya saa za mkononi kumi na moja kituo cha afya. Moja imepotea, nyingine imefuliwa pamoja na koti. Ni zile zinazopima muuguzi amelala muda gani. Nimezipanga mezani, kila moja na daftari lake. Muuguzi Kahindo hakuleta yake. Nilipowauliza wenzake, walitazama chini.

Baridi. Nimevaa sweta mbili. Mama wa mikate amenisalimia kama siku zote: "Munganga wa usingizi, umelala?" Nimemjibu ndiyo. Si kweli, lakini anapenda jibu hilo.

Jumanne, tarehe 3

Kahindo amekuja mwenyewe. Amesimamishwa kazi. Wiki iliyopita alimtundikia mgonjwa damu ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mwenzake akaona upesi, wakaifunga. Mgonjwa yuko hai. Kahindo alikuwa kazini tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, kwa sababu aliyepaswa kumpokea hakufika. Kamati ya nidhamu itakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Wengi wanataka afukuzwe.

Ameweka saa yake mezani. "Docteur, soma yote. Ubaonyeshe. Mie nakubali."

Nimeisoma alipoondoka. Siku mbili, na usingizi usiotimia muda wa saa tatu. Ana miaka ishirini na nne.

Sikufanya kazi nyingine leo.

Alhamisi, tarehe 5

Kamati imeniita kama mtaalamu. Barua fupi, muhuri mkubwa.

Nafikiria Mabalako. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, muuguzi mpya, viatu vyeupe vya kuazima. Nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha afya, mimi na Mama Léontine, muuguzi mkuu. Kakao ilianikwa mpaka ukingoni mwa barabara, harufu yake ikiingia hadi kwenye shuka. Tulikula avokado na chumvi tukiwa tumesimama. Jirani zetu Waprotestanti walikuwa na kwaya. Sisi Wakatoliki tuliiba nyimbo zao na kuziimba tukifua bandeji. Mama Léontine alinifundisha kutafuta mshipa wa mtoto mchanga kwa ncha ya kidole, macho yamefungwa. Akinikosoa alinipiga kofi dogo mkononi, kisha akacheka. Sijapata tena furaha ya aina ile. Naitamani hata leo, na naona haya kuitamani.

Kwa sababu ni hapo hapo mtoto mmoja alikufa. Malaria kali, serumu ya kinini, dripu ambayo ikiingia upesi mno huua. Ilikuwa zamu yangu ya pili bila kupumzika. Nilikaa karibu yake nihesabu matone. Nilipoamka serumu ilikuwa imekwisha kabla ya wakati wake, na mtoto hapumui. Mama yake alikuwa amelala chini, kwenye mkeka.

Mama Léontine aliandika kwenye kitabu: malaria. Akaniambia ninyamaze. Nimenyamaza.

Baadaye nilirudi masomoni. Nilisema napenda utafiti. Nimepima usingizi wa wauguzi, wa madereva wa pikipiki, wa akina mama wanaopandisha samaki kutoka ziwani Kyavinyonge. Makala zangu zote zinasema jambo moja: mtu aliyechoka hajui amechoka kiasi gani. Hakuna hata moja inayosema nilijulia wapi.

Jumamosi, tarehe 7

Nimekwenda Beni. Mama Léontine anakaa kwa binti yake, upande wa Mavivi. Tangu mazishi ya mumewe sikuwa nimemwona. Amekuwa mdogo, amekunjamana, lakini sauti ni ile ile. "Masika, umezeeka sawa mimi."

Tumekula maharage na ndizi. Tumewataja watu wote wa Mabalako, waliokufa na waliohama. Amekumbuka hata jina la mbuzi wetu. Nilichelewa kusema nilichojia. Nikasema: Ijumaa naweza kuulizwa. Nikisema ukweli, nitakutaja na wewe.

Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Ile siku nilipita pale," akasema. "Nilikuona umelala. Nilisema, acha apumzike kidogo, ni mutoto ya batu. Mie nitaangalia serumu. Kisha nikaikala kwenye banc ya mbao, na usingizi ikanibeba."

Nilisukuma sahani kando.

"Donc hapana wewe peke. Tulikuwa babili. Mais wewe ulikuwa mudogo, mie nilikuwa mukubwa yako. Niliogopa. Sema yote. Sema pia ni mie niliandika."

Miaka thelathini na moja amebeba siri yake peke yake, na mimi yangu. Nyumba moja, sahani moja, na hatukuambiana.

Nilikuwa na hasira naye njia nzima ya kurudi. Kufika nyumbani Butembo hasira ilikuwa imekwisha. Ningekuwa yeye, nami nisingemwamsha yule msichana.

Jumatano, tarehe 11

Nimemwambia Kakule, mume wangu. Ndoa ya miaka ishirini na sita. Alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini, akasema, "Ndiyo maana hulali." Akachukua na viazi vya upande wangu, akavimenya.

Ijumaa, tarehe 13

Kamati. Watu saba, meza ndefu, chupa za maji. Kahindo kwenye kiti karibu na mlango, nywele amesuka upya, mikono katikati ya magoti.

Nilionyesha michoro ya saa yake. Nilieleza taratibu, kama darasani. Waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Nikajua haiingii.

Daktari mzee, aliyenifundisha zamani na ninayemheshimu, akasema: "Docteur Masika, sisi bote tulifanyaka garde, zamu ya siku mbili. Hatukuuaka mutu."

Nilisema: "Mimi, mtoto alikufa mbele yangu nikiwa nimelala."

Nikasimulia. Zamu, serumu, mkeka, kitabu. Nilimtaja Mama Léontine kama alivyotaka. Mwandishi wa kamati aliacha kuandika. Nikamwambia aandike.

Daktari mzee alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. Akasema polepole, "Kwetu kulikuwa mama moja wa kuzaa, akakufa. Sijue. Labda." Hakumaliza.

Wametutoa nje. Kahindo alinishika mkono kwenye korido.

Jumatatu, tarehe 16

Uamuzi. Kahindo anapewa barua ya onyo, anarudi kazini. Zamu za kituo hazitazidi muda wa saa kumi na mbili, kwa majaribio, na asiyepokelewa atampigia simu mkuu wa kituo badala ya kubaki. Nitapima kama inasaidia.

Chuo ninakofundisha nacho kinataka maelezo yangu kwa maandishi. Wawili wa kamati hawanisalimii. Familia ya mtoto naitafuta. Padri wa Mabalako amesema walihamia mashambani na haijulikani ni upande gani. Ataendelea kuuliza. Msamaha sijauomba bado, sina wa kumwomba.

Jumapili, tarehe 22

Misa ya kwanza. Mvua ndogo, ikaacha.

Mama Léontine amepiga simu. Binti yake alimshikia, kwa sababu anaweka sikio upande usiofaa wa simu. Nilimweleza kuhusu Kahindo, na kwamba familia haijapatikana. Akasema, "Tutatafuta tu." Kisha tukabishana nani aliunguza sufuria ya maharage siku ya Krismasi kule Mabalako. Anasema mimi. Ni yeye. Tumecheka mpaka binti akachukua simu kuuliza kuna nini.

Kabla ya kukata akasema: "Ukuje tena. Mais ukuje asubuhi. Muchana niko nalala."

Nimesema nitakuja asubuhi.