Vidole vya Fundi na Mlango wa Kioo

Nyumbani kwa binti yako,
Ghorofa ya tatu,
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mgongo wako unaendeleaje, na ule ukuta wa shule umeumaliza? Mimi ni mzima, ila miguu ilivimba kidogo safarini. Binti yako ana afya njema. Mtoto wake mchanga ananyonya, analala, na akiamka anatukodolea macho kama mkaguzi.

Sasa nisikilize. Ulikataa kusafiri nami kwa sababu ya siku ile ya kusajili laini ya simu, mashine ilipovikataa vidole vyako mara nne na foleni nzima ikacheka. Ulisema, "Dada, saruji imekula alama zangu zote. Uwanja wa ndege watanirudisha kama mzigo." Kwa hiyo nilipofika nilichunguza.

Katika uwanja wa ndege wa huku hukutani kwanza na afisa. Unalaza pasipoti juu ya kioo, mlango unafunguka, unasimama juu ya nyayo zilizochorwa sakafuni. Kamera inapanda na kushuka yenyewe mpaka ilingane na uso wako. Kwa mtu mrefu inanyoosha shingo kama kuku aliyesikia kitu. Kwa mazoea nilibisha hodi. Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu akacheka: "Bibi, hiyo haina mdomo!" Nikamjibu, "Lakini ina mlango."

Kisha mashine inadai vidole vinne. Vyangu ilivikubali. Mama mmoja katika mlango wa pili aliwashiwa taa nyekundu mara tatu. Nikakuona wewe pale. Sikuondoka. Nilisimama na mizigo yangu ya mkononi nione watamfanya nini. Alielekezwa dirishani kwa afisa, na baada ya muda akapita.

Afisa akaniuliza, "Bibi, umepotea?"

"Sijapotea. Ninaangalia. Ndugu yangu ni mwashi, vidole vimelika. Je, akija?"

"Kwani yuko peke yake? Yule mama ni mpishi. Madobi, wakulima, mafundi, nawapata kila siku. Mashine ikishindwa wanakuja kwangu. Namwangalia mtu uso, namlinganisha na picha, namuuliza anakwenda kwa nani. Basi."

Nilimuuliza pia mashine inamjuaje mtu aliyenyoa ndevu. Alisema inapima nafasi kati ya macho, pua na mdomo. Sijaridhika, nikirudi nitamuuliza tena.

Pumzisha mikono wiki mbili, upake vidole mafuta asubuhi na jioni. Yule afisa anasema wakati mwingine husaidia. Visiposomeka, nenda dirishani ulitaje jina la binti yako bila kunong'ona.

Mtoto huyu hana bibi mzaa mama. Aliyebaki ni wewe, babu yake. Binti yako hataki kutuma picha ya mtoto popote mpaka umpakate kwanza. Kila jioni aliniuliza kama umekata tiketi, nami nikawa nababaisha, jambo ambalo si tabia yangu.

Msalimie kaka yetu mkubwa, shangazi, na jirani yetu Mzee Kofia. Mungu akufungulie njia.

Jana sikubabaisha. Nilimwambia kwamba unakuja mwezi ujao. Sijawahi kusema uongo nyumbani kwa mtu; usinianzishie uzeeni.

Dada yako akupendaye, hata anapokugombeza.