Figo Iliyobaki Nyongani

Lukozi, Lushoto
7 Agosti 2024

Shukrani,

Bado unaijua njia ya kuja kwangu, au nikutumie mtu akushike mkono? Mwezi wa sita ulisema unakuja wiki ijayo. Wiki hiyo ndefu kweli, nimepalilia karoti mara mbili ndani yake.

Mimi mzima. Goti linauma lakini linafika ninapolituma. Mjomba wako Salimu mzima. Wewe na mumeo Jafari, wazima? Na tumbo?

Barua hii anaiandika Mwalimu Jenoveva wa shule ya hapa. Mimi darasa sikuliona hata kwa dirisha, unajua. Simu siitaki kwa jambo hili. Sikio langu hadi niweke spika, na nikiweka spika jirani anajibu kabla yangu. Jenoveva ni mtu wa Songea, hana shangazi hapa wa kumpelekea habari. Anacheka. Andika, mwalimu.

Sasa sikiliza. Mimba ya kwanza inazaliwa kwao mwanamke. Mama yako alikuzalia humu, na alipofariki nikakulea humu humu. Chumba nimekipaka chokaa, kuni zimekauka, kuku watatu nawanenepesha. Jafari ananiambia eti utazalia Dar. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Bibi, muulize mwenyewe." Mwanamume akisema hivyo ujue anajua.

Haya, nakuuliza. Nimekukosea nini?

Jibu mpe Omari wa basi, ndiye aliyekuletea hii.

Bibi yako

*

Dar es Salaam
25 Agosti 2024

Shikamoo Bibi,

Sisi hatujambo, na Jafari anakuamkia. Pole na goti. Mwalimu Jenoveva, nakuomba umsomee bibi mkiwa wawili tu.

Bibi, mtoto ni wa kiume, na ana kasoro ya figo. Niliambiwa mwezi wa saba. Daktari alinieleza kwa kuchora, na mimi nakueleza alivyochora. Figo za mtoto zinaanza kuumbika wiki ya tano, wakati mama mara nyingi hajajua hata kama ana mimba. Hazianzii mgongoni zilipo zetu. Zinaanzia chini nyongani, halafu zinapanda kidogo kidogo mpaka mahali pake. Za huyu, ya kushoto haikuumbika kabisa. Ya kulia haikupanda, imebaki nyongani, na njia yake ya mkojo ni nyembamba, kwa hiyo imevimba.

Na yale maji anayoogelea mtoto tumboni, mengi ni mkojo wake mwenyewe. Anayameza, anayakojoa tena. Asipokojoa maji hayapo, na bila maji mapafu hayakui. Wangu maji yake ni kidogo, ila yapo. Wananipima kila wiki mbili. Lazima nizalie hapa, karibu na wapasuaji wa watoto.

Sasa swali lako. Hukunikosea mimi, Bibi. Ila nakuogopa.

Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni, siku mkaza mjomba Mwanahamisi, mke wa mjomba Salimu wakati ule, alipojifungua na mtoto akafa kabla ya adhuhuri. Mkunga alisema maji hayakuwepo. Ukamwambia mbele ya wanawake wa msiba, "Umekunywa dawa za miti, umemkausha mtoto wetu." Kaka zake wakaja kumchukua, wakamrudisha kwao Bungu. Siku daktari aliposema maji ni kidogo, sauti niliyoisikia ni yako.

Daktari aliuliza kama kwenye ukoo kuna mtoto wa hivyo, nikamsimulia. Akasema huenda yule hakuwa na figo hata moja, basi maji yangetoka wapi. Akasema pia jambo hili wakati mwingine linatembea kwenye damu ya ukoo, linamruka huyu, linampata yule. Mimi wamenipima, zangu ziko mbili. Anaomba na nyinyi wa huko mpimwe.

Kama hutaki, Bibi, usijibu. Nitaelewa.

Mjukuu wako,
Shukrani

*

Lukozi, Lushoto
2 Novemba 2024

Mjukuu wangu,

Hujambo? Maji yapo? Nikikuuliza kwa simu unasema "yapo, Bibi," kwa sauti ya mtu aliyevunja sahani akaificha.

Wiki kumi sikuijibu barua yako. Usidhani nilikasirika. Jenoveva alipomaliza kusoma nilimwambia aende kwake, na siku nyingi nilipomwona njiani nilijifanya nafunga kanga. Nilikuwa natafuta mahali pa kusimama, sikupaona.

Halafu nikamchukua Salimu tukaenda hospitali kupimwa. Kijana akanipaka mafuta ya baridi, akazungusha kidude chake kiunoni. Akazungusha tena. Akamwita mwenzake. Nikawauliza, mmepoteza nini humo?

Nina figo moja, Shukrani. Miaka sabini na tatu nimepanda milima hii na mizigo ya kabichi kichwani, nimezaa watoto sita, kwa figo moja, na sikujua. Salimu anazo mbili, lakini moja imesinyaa.

Daktari akasema hana uhakika kama imetokea kwangu, na hata kama ni kwangu, mtu halaumiwi kwa alivyoumbwa. Nikamwambia asinipoze. Kwa figo silaumiwi. Kwa mdomo je?

Basi wiki iliyopita nikaenda Bungu. Salimu alitaka kunisindikiza, nikamwambia wewe una safari yako na aibu yako, kwa sababu siku ile alikuwa amekaa palepale na hakufungua kinywa.

Mwanahamisi nilimkuta anachambua maharage. Kaolewa tena, ana wanne. Hakunipa kiti na mimi sikuangalia kiti kiko wapi. Nikasema, "Mwanangu, nilikusingizia. Mtoto wako huenda hakuumbwa na figo, na huenda hilo limetoka kwenye damu yangu. Wewe hukumkausha."

Akaendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia.

"Nimekusikia," akasema. "Miaka kumi na tisa, mama. Mume wangu wa sasa bado ananiuliza nilikunywa mti gani."

Unanijua, mimi nina la kujibu hata kwa imamu. Nikamwambia, "Niitie huyo mume." Akaitwa. Nikayasema yote mbele yake, pamoja na habari ya mtoto wako, na mbele ya mama mkwe wake, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akasikia pia. Kisha nikaondoka. Hakuniaga.

Usije kuzalia huku. Ukija nitakufukuza kwa fimbo mpaka Mombo. Zaa hapo hapo palipo na wapasuaji. Na mtu yeyote wa ukoo akikuuliza ulikula nini, ulibeba nini, ulimruka nani, mwambie aje aniulize mimi.

Bibi yako

*

Dar es Salaam
3 Desemba 2024

Shikamoo Bibi,

Nakuandikia nimelala ubavu kwa ajili ya mshono, hati mbaya unisamehe. Kazaliwa Jumapili alfajiri, kilo mbili na nusu. Alilia, na daktari akasema sikieni, mapafu hayo.

Mkojo tukaungoja. Jafari alisimama pembeni ya kile kitanda cha kioo kama anayechunga ng'ombe wa watu. Saa tisa alasiri nesi akafungua nepi, imelowa. Akasema amefungua nepi nyingi kazini lakini hajaona watu wazima wakililia nepi.

Figo bado imevimba. Akikua kidogo watampasua waipanue ile njia. Hawajaahidi kitu, Bibi. Wanasema anaweza kuzeeka na hiyo moja kama wewe, na inaweza ikachoka mapema. Itabidi apimwe maisha yake yote.

Tumemwita Idrisa. Nilizaa nikiwa na hofu nyingi, ila wewe hukuwemo.

Mjukuu wako,
Shukrani

*

Lukozi, Lushoto
19 Desemba 2024

Mama Idrisa,

Hongera, na pole ya uzazi. Mshono unaumaje? Kula uji, usinidanganye kwamba unakula. Sisi wazima, mvua imetubana.

Jana Mwanahamisi kanipigia. Kumbe namba yangu ameitafuta kwa watu. Hakusalimia.

"Yule mtoto, kakojoa?"

Nikamwambia kakojoa, tena anakojoa vizuri, na wiki iliyopita amemlowesha daktari. Nikadhani vocha imekwisha. Kisha akasema, "Nataka kumshika."

Nikamwambia utamshika, akifika kwangu nitakuita.

"Hapana, mama. Kwako sikanyagi. Na nataka nimshike kabla yako."

Mdomo ukafunguka, Shukrani. Nimekulea kwa mikono hii, nimemngoja mtoto huyu nikihesabu miezi kwa vidole. Nikaufunga. Nikasema sawa. Akakata.

Hajanisamehe, na sikumuomba. Huo ni mzigo wake, atautua akitaka.

Kwa hiyo daktari akikuruhusu kusafiri, fanya hivi. Usipitilize na basi hadi Mombo. Shuka Korogwe, upande gari la Bungu. Ukifika mwamkie kama ambavyo ungemwamkia mama yako, halafu umweke Idrisa mikononi mwake, wewe ukae pembeni. Akitaka kumwogesha, amwogeshe. Akitaka mlale, laleni. Usitazame saa, wala usimwambie kwamba bibi anangoja.

Bibi yako