Mpole wa Simu

Jumatatu, 2 Juni
Mke wangu amekufa. Alfajiri, hospitalini. Nesi kasema "ametutoka". Katoka kwenda wapi? Amekufa.

Jumatano, 4 Juni
Tumezika. Shemeji – kaka yake, yule wa viatu vya ncha – kasoma wasifu. Hakuandika yeye. Nilimwona jana jikoni kwangu anaiambia simu: mwanamke, muuza mkaa, mtoto mmoja, tengeneza wasifu wa kuliza watu. Simu ikatema maneno kabla chai yake haijapoa. "Mpole, mnyenyekevu, taa ya familia." Mpole! Mtu aliyemtoa mwenye nyumba mbio kwa mwiko. Watu wakalia. Hata aliowatukana wakalia. Mazuzu.

Ijumaa, 6 Juni
Wanakuja kutoa pole. Wote: mpole, taa. Jirani aliyekuwa anamwita Pilipili, naye mpole. Nikamuuliza tangu lini. Kasema, "Kaka, si ndivyo ilivyosomwa?"
Ndivyo ilivyosomwa. Ukoo mzima unaazima macho ya simu.

Jumamosi, 7 Juni
Mimi kibarua wa zege, kaburi nalifunika mwenyewe. Binti yangu anataka juu niandike "Taa ya familia". Nikamwambia mama yako alikuwa na mdomo kama msumeno, ndio nilioupenda. Nikijenga ukuta alikuwa anakuja, anafumba jicho moja, anasema, "Umepinda kama wewe." Na kweli umepinda.
"Baba, usimseme vibaya marehemu."
Vibaya. Namsifu, anasikia matusi. Shemeji kacheka, kasema mimi sijui lugha ya msibani. Sijui, na sitaki.

Jumapili, 8 Juni
Nimemwaga zege, nimelisawazisha. Nikashika msumari niandike neno langu mimi. Nikafumba jicho moja kama yeye. Likaja "mpole". Nikatema mate. Likaja "taa". Pumbavu.
Nikajaribu kumsikia tu kichwani. Akasema, "Umepinda kama wewe" – kwa sauti laini, kama nesi. Yule hajawahi kusema kitu kwa sauti laini.
Binti kasimama na ndoo. "Baba, linakauka. Andika hata chochote."
"Chochote kimeshasomwa."
Nikamuuliza, mama yako alikuwa anakuitaje ukichelewa kurudi? Akafikiri, akaangalia chini. "Sikumbuki, baba. Si alikuwa mpole tu?"
Na mimi sikukumbuka. Nilikuwa namsikia akimwita kila siku, mpaka mtaa wa pili wanasikia.
Zege limekauka tupu, bila neno. Msumari ninao mfukoni. Shemeji kasema atanunua kibao cha kaburi, maneno anayo kwenye simu.
Kesho narudi kazini.