Nyongeza ya Nyanya

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Balaa! Watoto kumi na wawili wa shule ya misheni, wale wa mlimani, wamejaribu programu yetu ya hesabu leo hapa kituoni. Swali la nyanya — swali langu mimi! — wamekosa wote. Nyanya thelathini, kila fungu nyanya tano, utapanga mafungu mangapi? Wameandika tano. Kompyuta inawazomea: Umekosea, jaribu tena. Wanajaribu. Tano! Miezi minane ya semina na Waholanzi, disketi zinakwenda na kurudi, halafu hivi.

Paulo, mkuu wa timu yetu, ametusomea imeili. Bi Anneke, mfadhili wa mradi, anakuja Ijumaa kutoka Uholanzi. Watoto wakishindwa tena, mradi unafungwa, sote tunarudi kwenye chaki.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepanda mlimani kwa mama, muuza nyanya wa siku nyingi. Nimemkuta anapalilia kabichi. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza lile swali. Hakufikiri hata kidogo.

"Matano."

Kwa nini, mama?

"Na nyongeza utatoa wapi? Kila fungu tano, na moja ya kumwongezea mteja. Wewe Josephina, huko mjini umesomea nini?"

Mafungu matano, sita sita — thelathini! Watoto hawakukosea. Nami nimelelewa kwa nyanya hizohizo, nikakaa mbele ya kompyuta nikasahau. Mjinga mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwomba Paulo tubadilishe swali. Amecheka, kisha amekasirika. Sisi tunaandika maswali tu, wanaoyaingiza ni Waholanzi, na disketi mpya ni wiki tatu. Niwafundishe watoto waandike sita, yaishe.

Nimewafundisha. Naona aibu.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika hapahapa darasani. Umeme umekatika, Paulo yuko nje anavuta kamba ya jenereta. Kumi na mmoja wameandika sita, Bi Anneke amepiga makofi. Kabaki Prisca. Kaitazama picha ya muuza nyanya, kanigeukia.

"Mwalimu, huyu mama hatoi nyongeza? Mbona mchoyo hivyo?"

Bi Anneke akaniuliza mtoto anasema nini. Ndipo taa zikazimika.

Nikisema kweli, timu imekwisha. Nikinyamaza, Prisca atarudi mlimani akiamini hajui hesabu. Na mgeni bado ananingoja, anatabasamu —

Jenereta imewaka. Kompyuta imefunguka, swali lile limerudi. Prisca hakunisubiri. Keshabonyeza sita.