Nyumba ya Kigera Sasa ni Yetu

Kigera, Musoma
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba ule mguu umeanza kukuachia upumue. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia inasaidia, au umeiweka kabatini ukisema ni ya wagonjwa? Na ng'ombe je, wanapata maji karibu, au kiangazi hiki bado mnawapeleka mbali? Sisi huku wote ni wazima kabisa. Mjukuu wako Kwangu amerefuka, viatu vya Krismasi tayari vinambana. Mkweo Alfonce anakuamkia, na amenisimamia hapa mlangoni kuhakikisha nimeandika hivyo.

Najua utashangaa kupata barua kama vile tupo zamani, wakati tuliongea kwa simu Jumatano. Sababu ni moja tu. Simu yako unaiwekaga sauti kubwa, na nikianza kusema, anasikia Mama Gati wa jirani, anasikia anayechota maji na anayepita njiani kwenda kanisani. Haya ninayotaka kusema nataka uyasome peke yako. Mwanao Burito ameahidi kwamba atakukabidhi barua mkononi, halafu ataenda kuangalia ng'ombe mpaka umalize.

Mama, deni la nyumba limekwisha.

Narudia kwa sababu hata mimi napenda kuliandika: limekwisha. Hati tuliichukua benki Jumanne, ina jina langu na la Alfonce. Ulijua kwamba tulikopa, kwa maana ulituombea kwa simu siku ile ya kusaini, Aprili 2018. Usichokijua ni uzito wake. Tulichukua milioni thelathini na nane kumlipa yule mstaafu aliyetuuzia, na tukakubali kurudisha laki tano na elfu themanini na tano kila mwezi kwa miaka kumi na mitano. Mshahara wangu wa unesi ulikuwa unaingia kwenye nyumba karibu wote, na tulikuwa tunaishi kwa ule wa ualimu wa Alfonce.

Mwaka ulipoisha tukaenda benki tukiwa na raha, tukijua deni limeshuka. Afisa mikopo, dada mmoja anaitwa Hilda, akatutolea karatasi. Mama, tulikuwa tumelipa milioni saba, na deni lilikuwa limepungua laki sita tu! Zilizobaki zote ni riba. Alfonce, ambaye anafundisha fizikia na huwa haogopi namba, aliisoma ile karatasi mara tatu, akaniuliza taratibu kama nami naona anachokiona.

Hilda alituonea huruma. Alifunga mlango akatueleza kama anavyoeleza mtu wa shamba. Alisema tunakata majani kila mwezi na mizizi tunaiacha. Tukitaka kuing'oa, tulete chochote juu ya rejesho, hata kama ni kidogo, na tuandike kabisa kwamba fedha hiyo ipunguze deni lenyewe. Nyumbani tulikuwa na laki mbili. Zilitoka wapi nitakuambia mbele kidogo. Kesho yake tukazipeleka. Hilda akabonyeza kompyuta yake, akacheka, akasema, "Mmeondoa zaidi ya miezi mitatu kule mwisho." Miezi mitatu kwa laki mbili! Tulirudi Kigera kwa miguu tukibishana kama watoto, kila mmoja akitaja kitu tunachoweza kuishi bila kuwa nacho.

Sasa mama utaelewa mambo mengi uliyoyaona ukanyamaza. Utaelewa kwa nini nilikuja kwenye harusi ya binti wa baba mdogo na sare ya harusi ya mwaka juzi, mashangazi wakanong'ona. Utaelewa Krismasi ile tuliyofika na kilo mbili za sukari tu, ukaangalia mikono yetu kisha ukaangalia pembeni. Kadi za michango zilikuwa zinakuja nne, tano kwa mwezi. Tulijibu kila moja kwa kidogo, halafu mimi naenda kupika na Alfonce anafunga taa za ukumbi bure. Kazini nilibeba ugali na dagaa kwenye hotpoti mpaka wenzangu wakaniita Mama Hotpoti. Jumamosi Alfonce alipanda basi la asubuhi kwenda Bunda kufunga umeme kwenye nyumba mpya za watu, akarudi jioni na vumbi la ukuta kwenye nyusi. Kila alichopata kilienda benki Jumatatu kabla hakijazoea mfuko.

Usidhani tulikuwa wanyonge. Tulicheka sana miaka hiyo. Kwenye mlango wa kabati tulichora mistari midogo, mstari mmoja kwa kila mwezi uliokuwa umebaki, na kila tulipopeleka ziada Kwangu ndiye aliyekabidhiwa chaki ya kufuta. Siku akifuta mistari mitano kwa mkupuo, tulikuwa tunakula sato mzima, na yeye ndiye anachagua kichwa kiende kwa nani.

Mwezi uliopita tarehe kumi na nane tukapeleka malipo ya mwisho. Hilda siku hizi amekuwa mkubwa pale, lakini alitoka ofisini kwake akaja dirishani. Alitupa karatasi ambayo chini yake imeandikwa sifuri. Alfonce akamwomba aisome kwa sauti. Akasoma. Akamwomba tena. Watu kwenye foleni wakaanza kupiga makofi bila kujua wanashangilia nini, mzee mmoja akauliza kama tumeshinda bahati nasibu. Miaka saba na miezi mitatu, mama, badala ya kumi na mitano. Tulipofika nje mume wangu, yule usiyemsikiaga hata kwenye kikao cha ukoo, alisimama kando ya barabara akaimba wimbo wa shukrani beti zote, na mimi nikamwitikia sauti ya pili nikiwa na gauni la kazi.

Hizo ndizo habari njema. Sasa vuta kiti mama, kwa sababu nimebakiza mambo ambayo yamenikaa kifuani tangu mwaka 2019.

Zile laki mbili za kwanza zilikuwa zako. Ulipokuja mara ya kwanza kuiona nyumba, ukakuta madirisha tumeyafunika na kanga, uliporudi Butiama uliuza ng'ombe mtamba ukatutumia fedha ya mapazia. Haikununua pazia hata moja. Niliitunza nikitafuta kitambaa kizuri, halafu siku ile ya Hilda tukaipeleka benki yote. Nilijiambia nitakueleza mwezi unaofuata. Mwezi ukafuata, sikukueleza.

Na kuna fedha nyingine ambayo sijaitaja, iliyofanya kazi kuliko hotpoti yangu na Bunda ya Alfonce tukiiweka pamoja. Ni kodi. Mwezi uleule wa zile laki mbili tulihamia kwenye vile vyumba viwili vya uani, ulivyodhani ni stoo, na nyumba kubwa tukaipangisha kwa laki mbili kwa mwezi. Mpangaji alikuwa afisa uvuvi, anaitwa Fred, na mkewe Jenipher. Tumeishi uani miaka sita, mama. Watatu, vyumba viwili, jiko nje.

Najua unajiuliza ulilala wapi basi ile Agosti uliyokuja na Mama Gati kuyaona mapazia. Ulilala kwa Fred. Uliponipigia kwamba mko kituo cha basi Butiama tayari, nilikimbilia kwake nikapiga magoti kabisa. Alicheka mpaka akakaa chini. Akamchukua mkewe wakaenda Bunda kwa wakwe siku mbili, wakatuachia funguo. Alfonce alishusha picha yao ya harusi akaificha nyuma ya kabati. Zile sofa za kahawia ulizosema zinameza mtu zilikuwa za Fred. Televisheni ilikuwa ya Fred. Na mapazia ya zambarau uliyoyashika, ukayageuza, ukamwambia Mama Gati, "Tazama mtamba wangu anavyoning'inia," yalikuwa ya Jenipher. Mama Gati alipiga vigelegele. Mimi nilienda jikoni kulia, nikakudanganya kwamba ni vitunguu.

Unakumbuka Kwangu alivyosema mezani, akiwa na miaka mitano, "Bibi, leo tunalala kwa anko Fred"? Ukauliza Fred ni nani, Alfonce akakohoa, akasema ni rafiki yetu. Hapo tu ndipo tulipokuambia ukweli siku zile mbili.

Burito alijua. Unakumbuka tulivyonuniana mwaka 2021 ukaniuliza sababu nikasema ni jambo dogo. Injini ya mtumbwi wake ilikuwa imezama kule kisiwani Rukuba, akaniomba milioni moja, nikamwambia sina. Aliniambia kwamba nyumba kubwa imekula undugu, akakata simu, na miezi sita hakunipigia. Halafu akaja bila taarifa, amebeba sangara mkubwa, nadhani alitaka kuniaibisha kwa ukarimu. Akagonga mlango wa mbele. Jenipher akamwelekeza uani. Alisimama mlangoni kwetu akaangalia kitanda, madaftari ya Alfonce juu ya ndoo, Kwangu anafanya homuweki juu ya mkeka uliokunjwa kuwa meza. Akaweka samaki chini, akacheka, halafu akakaa juu ya debe. Nikataka nikupigie nikuambie yote palepale. Burito ndiye aliyenizuia. Alisema, "Mama asijue. Akijua tu, atauza ng'ombe wote mpaka yule wa maziwa."

Na hilo ndilo jibu langu, mama, ingawa halinisafishi. Uliuza wawili nikasoma unesi. Uliuza mmoja Burito alipoumwa. Niliona ukijua tunalala uani, zizi litabaki na kamba tupu, na wewe utasema huna shida na maziwa, yanakuumiza tumbo. Niliogopa upendo wako kuliko nilivyoogopa benki. Tangu siku ile Burito hakuacha kutuletea dagaa kila mwisho wa mwezi, na injini tulimchangia kidogo kidogo mpaka akanunua nyingine.

Lakini kosa ni kosa. Ulirudi Butiama ukajivuna mbele ya watu kwa vitu visivyokuwa vyangu, na mimi nilikuacha. Mara tatu nilishika kalamu nikaiweka chini. Nilisubiri siku ambayo nikikuambia hutaweza kuuza chochote kunisaidia, na siku hiyo imefika. Nisamehe, mama. Alfonce naye anaomba, amesema niandike kwamba ule ujanja wa kushusha picha ulikuwa wake.

Fred alihamishiwa Mwanza mwanzoni mwa Julai, akaondoka na sofa zake zote. Tumeingia wenyewe. Sebule ina viti viwili vya plastiki na mkeka, ukiongea neno linazunguka ukutani kabla halijakufikia. Kwangu ana chumba chake, na siku mbili za kwanza alikataa kulala humo, akisema pana ukimya mwingi. Alfonce anatembea kutoka chumba mpaka chumba akiwasha na kuzima taa, nikimuuliza anasema anakagua waya.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Nyamhanga anayechunga ng'ombe mwambie koti lake nimelipata. Mama Gati msalimie sana. Kumweleza au kutomweleza nakuachia wewe.

Na kama umekasirika, mama, naomba usinipigie. Panda basi na Burito Alhamisi uje unikasirikie hapahapa, sebuleni, kwa sauti yako yote, ukae hata miezi mitatu ukinikasirikia. Chumba chako ni kile kinachopata jua la asubuhi, kitanda tumekileta jana. Njoo wakati wowote, bila taarifa. Safari hii hakuna mtu tutakayemwomba atupishe.

Ni mimi binti yako anayekupenda,

Wankyo